Joto ni Umeme Uliopotea

Fundi aliyenipokea katika kibanda chake Kariakoo, Dar es Salaam, miaka ya 1990, hakunianzishia kwa kitabu wala kwa mchoro. Alinianzishia kwa kidole. Redio ikiletwa mbovu, aliiwasha kidogo, akaizima, akachomoa waya ukutani, akaimaliza chaji iliyobaki kwenye kapasita kubwa, kisha akaniambia nipitishe kidole juu ya kila kifaa kwenye bodi, kimoja kimoja. Transista iliyopoa kabisa ilikuwa haijafanya kazi. Yenye uvuguvugu ilikuwa salama. Ile iliyonifanya niurudishe mkono haraka, hapo ndipo tulipoanzia. "Mwanangu," alikuwa akisema, "umeme haukai bure. Usipotoa sauti, utatoa moto."

Kwa maneno hayo machache alinipa sheria ambayo wahandisi huiandika kwa hesabu ndefu. Nimeendelea na kazi hii tangu siku hizo, kwanza nikitengeneza vilivyoharibika, baadaye nikibuni saketi mpya, na nikiitazama njia yote tuliyopita naona jambo moja likijirudia. Karibu kila hatua kubwa ya elektroniki niliyoishuhudia, kuanzia chaja za simu hadi taa za sola na pikipiki za umeme, imekuwa hatua ya kupunguza joto lisilo na kazi. Naona na jambo la pili, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: sisi tuliokulia mahali ambapo umeme hukatika, hushuka na hulipiwa kwa shida, tunaijua thamani ya hicho kinachopotea kuliko wengi wanaovibuni vifaa tunavyovinunua. Ujuzi huo unahitajika sasa kuliko wakati wowote.

Enzi ya chuma

Redio kaseti na amplifaya za wakati ule zilikuwa nzito, na uzito wake ulikuwa wa transfoma: mabati ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, yakazungushiwa waya wa shaba. Umeme wa ukutani huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa mizunguko michache kiasi hicho transfoma haiwezi kuwa ndogo. Volti zikishashushwa, zilinyooshwa na dayodi, zikatulizwa na kapasita, kisha zikapita kwenye kisawazishi, kile kifaa cha miguu mitatu ambacho kila fundi alikijua kwa namba yake. 7805 kilitoa volti 5, na 7812 kilitoa volti 12.

Kifaa hicho kilikuwa rahisi kukitumia na kigumu kuharibika, na mpaka leo nakiheshimu. Lakini tazama kinavyofanya kazi. Ukikiingizia volti 12 wakati saketi yako inataka volti 5 kwa mkondo wa ampea 1, wati 12 zinaingia, wati 5 zinafika kwenye kazi, na wati 7 zinageuka joto. Ni sawa na mtu anayefungua bomba lote ili ajaze kikombe, akayaacha maji yanayozidi yamwagike chini. Ndiyo maana kilifungwa kwenye bati kubwa la alumini la kupozea, na ndiyo maana migongo ya amplifaya zile ilikuwa na matundu na mapezi.

Kulikuwa na gharama nyingine, ya kwetu zaidi. Jioni, mtaa mzima ukiwasha taa na pasi, umeme ulishuka sana chini ya kiwango chake. Fundi mwenye uzoefu alichagua transfoma ya volti 18, ili hata umeme ukishuka kile kisawazishi cha volti 12 kiendelee kupata cha kutosha. Jioni redio iliendelea kuimba. Lakini mchana, umeme ukiwa mzima, zile volti za ziada ziliungua saa zote. Ubovu wa jioni ulilipiwa kila mchana. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba saketi inabuniwa kwa ajili ya mtaa itakakoishi, na kwamba mtaa usiotabirika una bei yake, ambayo mwenye nyumba huilipa bila kuiona.

Mita za LUKU, za kulipia umeme kabla ya kuutumia, zilipoenea majumbani, bei hiyo ikaanza kuonekana. Mteja ambaye zamani aliuliza habari ya sauti tu, sasa alisimama mbele ya meza yetu na swali jipya: "Fundi, hii inakula uniti ngapi?" Maabara nyingi za dunia zilikuwa bado hazijalipa swali hilo uzito unaostahili. Mama wa Buguruni, aliyenunua umeme kwa elfu moja moja, tayari alikuwa analiuliza.

Chaja iliyopoteza uzito

Simu za mkononi zilipoingia, chaja zake za mwanzo zilikuwa na transfoma ya chuma ndani. Zilikuwa nzito, na zilipata joto hata zikiachwa ukutani bila simu. Kisha zikaja nyepesi. Wateja wengi hawakuziamini, kwa sababu uzito ulikuwa kipimo cha ubora, na chaja nyepesi ilionekana ya bandia. Siku fundi wangu alipoifungua mojawapo, aliigeuza chini ya taa, akaichungulia, akaniuliza, "Sasa chuma kimekwenda wapi?"

Nilikuwa nimeshaanza masomo ya chuo wakati huo, na kumweleza mwalimu wangu wa kwanza jibu hilo lilikuwa heshima kubwa kwangu. Chaja mpya haiitegemei ile mizunguko 50. Kwanza huunyoosha umeme wa ukutani, volti 230 zikawa kiasi cha volti 325 zisizogeuka mwelekeo. Kisha huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, transfoma inayohitajika ni kipande kidogo cha feraiti chenye mizunguko michache ya waya. Kinachokata, katika chaja nyingi, ni transista ya aina ya mosfeti. Joto la transista hupatikana kwa kuzidisha volti zilizo juu yake kwa mkondo unaopita ndani yake. Mosfeti ikizima kabisa, mkondo haupo. Ikiwaka kabisa, volti juu yake ni karibu sifuri. Katika hali zote mbili zao lake ni dogo mno. Sehemu kubwa ya joto hutokea katika ule muda mfupi wa kuvuka kutoka kuzima hadi kuwaka, na wabunifu wa chaja wamekuwa wakiufupisha muda huo mwaka hadi mwaka.

Mosfeti ilibuniwa mwaka 1959 katika maabara za Bell, Marekani, na Mohamed Atalla na Dawon Kahng. Atalla alizaliwa Port Said, Misri. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliweka kitabu chini kwa muda. Kifaa kilicho ndani ya simu, kompyuta na chaja nyingi za leo kilipitia mikononi mwa mzaliwa wa bara hili. Tangu hapo, kila nikimfundisha kijana kupima mosfeti, namtajia jina hilo.

Kwa nyumba zetu faida ilikuwa kubwa. Chaja nyingi za aina hii hukubali umeme wowote kati ya volti 100 na 240. Umeme ukishuka jioni, chaja hurefusha kidogo muda wa mosfeti kuwaka katika kila mkato, na simu haipati habari. Lile joto la mchana, lililokuwa likilipia ubovu wa jioni, likafutwa. Kisha likaja suala la kifaa kisicho na kazi. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilizitaka nchi zisukume matumizi ya kifaa kinachosubiri tu yashuke hadi wati 1. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinazotumika tangu 2020 zinataka chaja ndogo isiyounganishwa na kitu isizidi wati 0.1. Piga hesabu ya nyumbani: chaja ya chuma inayopoteza wati 2 usiku na mchana hula uniti 17 na zaidi kwa mwaka bila kuchaji chochote. Ile ya wati 0.1 haifikishi uniti 1.

Kapasita zilizovimba vichwa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 meza za mafundi zilijaa bodi za kompyuta zenye kapasita zilizovimba juu, nyingine zikivuja maji ya kahawia. Tatizo hilo lilienea duniani kote. Viwanda kadhaa vilikuwa vimetumia kimiminika kibovu ndani ya kapasita, na bodi zilizotakiwa kudumu miaka mingi zilikufa mapema. Tulibadilisha kapasita mchana kutwa, na wengi wetu tulilipa karo za wadogo zetu kwa kazi hiyo.

Lakini nilipoendelea kufungua televisheni na dekoda ambazo kapasita zake zilikuwa nzuri, niliona nazo zinavimba, na daima zilizovimba ni zile zilizokaa jirani na bati la kupozea. Kuna kanuni ambayo kila mbunifu huifahamu: joto la kapasita ya kimiminika likishuka kwa nyuzi 10 za selisiasi, maisha yake huongezeka maradufu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 itaishi kiasi cha saa 8,000 ikikaa kwenye nyuzi 85, yaani miezi 11 ya kuwaka mfululizo. Isogeze mahali penye nyuzi 65, kapasita ileile, ya bei ileile, itafikia saa 32,000, ambazo ni zaidi ya miaka 3 na nusu. Tofauti yote hiyo imeletwa na sentimita chache za nafasi kwenye bodi.

Sasa ipeleke bodi hiyo nyumbani kwetu. Hewa ya Dar es Salaam mwezi wa Februari ina nyuzi 32 kabla kifaa hakijawashwa. Televisheni imeingizwa ndani ya kabati la sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kilichotandikwa kwa upendo, na juu ya kitambaa pamewekwa chungu cha maua ya plastiki. Aliyeibuni saketi ile alifikiri chumba chenye nyuzi 25 na hewa inayozunguka. Nilikuwa nikimwambia mteja, "Dada, kitambaa kizuri, lakini kiishie mezani, kisiguse matundu." Nami nilijiwekea sharti ambalo bado nalifuata: kifaa ninachokibuni hupimwa ndani ya boksi lililofungwa, kwenye joto la Februari, kwa saa nyingi, kabla hakijaitwa kimekamilika.

Mwanga uliofika kijijini

Kwa babu na bibi, Kilosa, umeme wa nguzo ulikuwa bado. Mwanga ulikuwa wa koroboi, na televisheni ya jirani mmoja iliendeshwa kwa betri ya gari, ambayo ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa mjini kuchajiwa. Betri ya risasi ina tabia zake. Ukiitumia zaidi ya nusu ya chaji yake mara kwa mara, unaiua. Ukiiacha tupu kwa wiki kadhaa, sahani zake hupata ugonjwa usiotibika. Kijijini betri hutumiwa mpaka picha iishe kwenye kioo, na hukaa tupu mpaka ipatikane nauli. Kwa hiyo betri iliyotakiwa kuishi miaka iliishi misimu, na waliolipia hasara hiyo walikuwa watu wenye kipato kidogo kuliko wote.

Kilichobadilisha usiku wa kijijini kilianzia Japani. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano huko Nagoya, na Shuji Nakamura katika kampuni ya Nichia, walifanikiwa kutoa mwanga mkali wa buluu kwenye LED kwa kutumia fuwele ya galiamu naitraidi, kazi waliyoifanya kuanzia miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bila buluu hakuna LED nyeupe. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa mwanga ambao leo LED ya wati 8 au 9 huutoa, kwa sababu ile ya zamani karibu umeme wake wote uligeuka joto. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na waliotoa tuzo walitaja wazi faida ya taa hizo kwa watu zaidi ya bilioni 1.5 wasiofikiwa na nguzo za umeme, kwa kuwa taa inayohitaji umeme kidogo inaweza kuendeshwa na sola.

Hilo nililiona kwa macho. Taa ikihitaji wati 1 badala ya wati 10, paneli inakuwa ndogo, betri inakuwa ndogo, na bei inashuka mpaka mkulima anaifikia. Kenya, kampuni ya M-KOPA ilianza mwaka 2012 kuuza mifumo midogo ya sola kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa, na mtindo huo ukaenea. Bibi yangu aliweka taa ya namna hiyo juu ya mlango wa jiko. Koroboi ilibaki kwenye kona, na moshi ukaondoka katika macho yake.

Betri nazo zikabadilika. Lithiamu-ioni, ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, ilipata ndugu mvumilivu aitwaye lithiamu ya fosfeti ya chuma, aliyetokea katika maabara ya John Goodenough huko Texas miaka ya 1990. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 25 na zaidi. Ya fosfeti ina karibu nusu ya uzito huo, inavumilia kutumiwa asilimia 80 ya chaji yake, na inachajiwa maelfu ya mara. Hata hivyo haivumilii uzembe. Kila seli lazima ilindwe na saketi inayopima volti zake, inayokata chaji zikikaribia 3.65 na kukata matumizi kabla hazijashuka chini ya 2.5. Betri ya kisasa ni nusu kemia, nusu elektroniki, na kazi nyingi za vijana wetu wa leo zimo katika nusu hiyo ya pili.

Kwa hao vijana nina onyo moja la sokoni. Seli za duara za aina ya 18650 zinauzwa mitaani zikiwa zimeandikwa milliampea-saa 9,900. Seli nzuri za ukubwa huo huishia kwenye kiasi cha 3,500. Pima kwa mzani kabla ya mita: seli halisi ina gramu 45 hivi, na nyepesi sana ina maneno matupu ndani yake. Anayenunua tochi kwa kuamini namba hiyo ameuziwa giza.

Kifaa kinacholala

Baadaye nilifanya kazi na kikundi cha vijana waliokuwa wakitengeneza kipimo cha maji kwa ajili ya tangi la kijiji. Kazi yake ilikuwa kuamka kila saa, kupima kina cha maji, na kutuma ujumbe kwa kamati ya maji kina kikipungua. Walitumia bodi iliyotengenezwa tayari yenye chipu ya ESP32, ambayo ikilala usingizi mzito hutumia mikroampea 10 tu. Kwa karatasi, seli moja ingetosha kwa muda mrefu sana. Kwa vitendo, ilikufa kabla mwezi haujaisha.

Binti mmoja wa kikundi hicho ndiye aliyepata jibu. Hakubishana na mtu. Alikata waya wa betri, akaweka mita katikati, akakilaza kifaa, akasoma: milliampea 5. Chipu ilikuwa imelala kweli, lakini kisawazishi kilichokuwa kwenye bodi hiyo ya bei nafuu kilikuwa macho, kikinywa sehemu kubwa ya hizo milliampea 5 mchana na usiku kwa kujiendesha chenyewe. Tukakaa naye kupiga hesabu. Kifaa kiliamka sekunde 10 kila saa na kutumia milliampea 100, ambazo zikigawanywa kwa saa nzima ni kama milliampea 0.28. Maana yake, usingizi ulikuwa ukila mara 18 ya kazi. Seli ya milliampea-saa 2,500 ilikuwa imehukumiwa kufa kwa saa 500, yaani siku 21, hata kama kifaa kisingepima tone moja la maji.

Tuliweka kisawazishi kingine ambacho kujiendesha kwake ni mikroampea chache, bei yake haitofautiani sana na cha kwanza, na kifaa kikaacha kuwa mzigo. Tuliendelea kuchimba. Kigawanya volti kinachopima betri kilikuwa kikivuja mkondo, tukakiwekea mosfeti ya kukizima. Taa nyekundu ndogo ya kuonyesha kwamba umeme upo ilikuwa ikimmulikia mjusi tangini, tukaing'oa. Moduli ya simu, ambayo wakati wa kutuma huvuta mpaka ampea 2 kwa vipindi vifupi, tukaipa kapasita kubwa ya kuibeba, kisha tukaikatia umeme kabisa kila inapomaliza.

Naamini hapa ndipo elektroniki ya leo ilipo. Vipimo vya afya, mita za maji, vihisi vya mashamba, saa za mkononi, vyote hutumia sehemu kubwa ya maisha yao vikiwa vimelala, na mbunifu hodari hujulikana kwa jinsi kifaa chake kinavyolala. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza.

Chipu zilipoadimika

Mwaka 2021 viwanda vikubwa vya magari vilisimamisha mikondo ya uzalishaji kwa kukosa chipu za bei ndogo. Sisi wanunuzi wadogo tulikuwa mwisho wa foleni. Chipu tuliyozoea kuinunua kwa bei ya soda ilipanda mara kadhaa, na nyingine hazikupatikana kwa bei yoyote. Kilichotuokoa ni desturi ya mafundi wa Kariakoo, ambao hawajawahi kungoja kifaa halisi kutoka kiwandani. Transista ikikosekana, fundi huuliza: inabeba volti ngapi, ampea ngapi, miguu imepangwaje, kisha hutafuta ndugu yake. Tulichora bodi zetu upya zikiwa na nafasi ya vifaa vya viwanda viwili au vitatu tofauti. Leo wahandisi wa nchi tajiri wanafundishana jambo hilohilo kwenye mikutano, na nafurahi kwamba vijana wetu waliingia nalo darasani.

Kinachokuja

Ile fuwele iliyotoa mwanga wa buluu imerudi kwa kazi nyingine. Galiamu naitraidi inavumilia volti kubwa katika unene mdogo, na transista zake huvuka kutoka kuzima hadi kuwaka kwa haraka kuliko za silikoni. Ule muda mfupi unaozaa joto umefupishwa tena, kasi ya kukata imepanda, transfoma imepungua, na chaja ya kompyuta iliyokuwa na uzito wa tofali sasa inaingia mfukoni. Kwenye magari na pikipiki za umeme na kwenye inveta za sola, silikoni kabaidi inafanya kazi ya jamaa huyo kwa volti kubwa zaidi.

Nyaya nazo zinaelekea kuwa moja. Kwa utaratibu wa kisasa wa USB, chaja na kifaa huzungumza kwanza. Chaja huanza na volti 5, kifaa hutaja kinachohitaji, na ndipo volti hupandishwa. Tangu 2021 utaratibu huo unaruhusu mpaka wati 240 kwa volti 48, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa Umoja wa Ulaya lazima zitumie tundu la USB-C. Kwetu hili ni zaidi ya urahisi. Nyumba ya sola ina umeme usiogeuka mwelekeo tangu kwenye paneli mpaka kwenye betri. Kuupitisha kwenye inveta ukawa volti 230, kisha kuurudisha kwenye volti 5 za simu, ni kulipa joto mara mbili. Kuuchukua moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye tundu la USB ni kulipa mara moja, na kidogo.

Jirani zetu hawangojei. Kigali, kampuni ya Ampersand inawabadilishia waendesha pikipiki betri zilizojaa njiani. Nairobi, kampuni ya Roam inaunda pikipiki za umeme kwa ajili ya barabara za huku. Kazi hizo zinahitaji watu wanaojua betri hufanya nini kwenye joto, kwenye vumbi na kwenye mlima, pikipiki ikiwa na abiria na gunia la mkaa.

Tunachokijua sisi

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu nawapa maswali matatu, na nawasihi wasikubali kifaa, chao au cha kununua, mpaka yajibiwe kwa mita. Kikiwa hakifanyi kazi, kinatumia kiasi gani? Kitakapofungwa pale kitakapoishi, ndani yake patakuwa na joto la nyuzi ngapi? Betri ikichoka, fundi wa mtaani ataweza kuifungua na kuweka nyingine? Swali la kwanza ni la mwenye LUKU. La pili ni la mwenye kabati la sebuleni. La tatu ni la mwanakijiji, ambaye hana duka la kurudishia kitu.

Tanzania imejenga bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, na nalifurahia kama kila Mtanzania. Lakini vifaa milioni 1 vinavyopoteza wati 2 kila kimoja bila kazi vinakula megawati 2 za mto ule usiku na mchana, na nyumba zetu hazina kifaa kimoja tu. Umeme huo unaweza kuokolewa na mtu mmoja aliyeketi mezani, akachagua kisawazishi sahihi, akasogeza kapasita mbali na joto, akaizima saketi isiyohitajika. Mtu huyo kwa miaka mingi amekuwa akikaa mbali, akibuni kwa ajili ya nyumba ambayo umeme wake hauyumbi. Wakati umefika akae Mwanza, Mombasa, Bujumbura na Kisangani, kwa sababu huko ndiko wati moja inakojulikana bei yake, na anayejua bei ya kitu ndiye anayefaa kukabidhiwa kukitunza.